Kwa Kumbukumbu Hadi Albuquerque

Barstow, California
Jumatatu, 2 Mei 1977

Mama,

Natumaini hamjambo na upepo wa Amarillo haujaondoka na paa. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Ofisi ya reli imepunguza watu, sasa tuko wawili tunafanya kazi ya watano, na nikifika nyumbani sina hamu hata ya kuchemsha yai.

Kadi yenu imefika. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Mnakuja kwangu kwa gari? Jumanne ijayo? Na kwa Barabara 66 ile ya zamani, si kwa barabara kuu mpya? Mama, ni karibu maili elfu moja, na Baba ana miaka sabini na miwili.

Nikuulize jambo, na usinizungushe. Nilipokuja Krismasi nilimwona Baba akimimina kahawa nje ya kikombe. Akasema kikombe kina ufa. Kikombe kile nilikiosha mwenyewe, hakina ufa wala mkwaruzo. Niambie: Baba anaona au haoni?

Najua huwezi kunijibu kwa simu, maana simu iko jikoni na Baba naye haondoki jikoni. Basi chukua kalamu. Nauli ya ndege nitalipa mimi, chumba kipo tayari. Sitaki kuja kuwachukua mtaroni.

Binti yako,
Glenda

*

Amarillo, Texas
Ijumaa, 6 Mei 1977

Mwanangu Glenda,

Umetaka jibu bila mzunguko. Haoni.

Si kwamba haoni kabisa. Pembeni anaona, katikati ndiko kumekufa. Nimejuaje? Siku hizi akizungumza nami ananitazama sikio. Mwanzoni nilidhani nina hereni iliyokaa vibaya. Mwezi wa pili nilikata nywele zote za mbele, nikakaa hivyo mezani mbele yake siku nne, wala hakusema kitu. Baba yako, ambaye nikibadilisha kifungo tu anauliza kimetoka wapi.

Sijamwambia kwamba najua. Usinigombeze kwanza. Tangu astaafu, miaka sita hii, anaamka saa kumi alfajiri kana kwamba basi linamsubiri. Kofia yake ya kazi anaipiga brashi kila Jumapili. Miaka ishirini na tisa ameendesha basi kutoka hapa hadi Albuquerque na kurudi, na hakuwahi kumwaga hata kikombe cha abiria. Nikisema, "Orval, huoni," nitakuwa nimemvua nguo barabarani. Namngoja aseme mwenyewe. Akisema yeye, itakuwa ni habari. Nikisema mimi, itakuwa ni hukumu.

Utauliza kwa nini basi nimekubali safari. Kwa sababu na mimi naitaka. Kila mwaka aliniahidi, "Mwaka huu utakaa kiti cha mbele nikuonyeshe barabara yangu." Kila mwaka kulikuwa na jambo: kifua chako, mama yake mgonjwa, kuku. Ile barabara imekaa na mume wangu siku nyingi kuliko nilizokaa naye mimi, na sijawahi kuiona hata mara moja. Nina miaka sitini na tisa. Wivu wa uzeeni ni mbaya, mwanangu.

Usiogope sana. Nina njia yangu. Nasoma kila kibao kwa sauti, kama mshamba aliyetoka kwao leo. "Loo, Orval, taa nyekundu hiyo, ina rangi nzuri!" Tumekwenda hivyo kanisani na sokoni tangu Februari bila kugusa hata kuku. Ninachohofia ni baada ya Albuquerque. Huko hajawahi kuendesha, na hajui kona hata moja. Omba likizo utukute pale, ujifanye umekuja kutushtua, ushike usukani wewe. Ukishindwa, tuandikie kwa posta kuu ya pale, nitapita kuulizia.

Na usimwambie baba yako kwamba nimekuandikia. Nakuomba.

Mama yako,
Nadine

*

Amarillo
Ijumaa hiyo hiyo, 6 Mei

GLENDA,

Samahani kwa herufi kubwa. Naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi. Niko gereji. Mama yako anadhani napima upepo wa matairi.

Kuna jambo lazima mtu mmoja alijue, na nimekuchagua wewe kwa kuwa uko mbali. Macho yangu yamekwisha. Yalianza kwenda kabla ya Krismasi. Nikimtazama mama yako usoni, uso haupo, kuna ukungu wa kijivu. Nikitaka kuiona pua yake lazima nitazame sikio. Hebu fikiria, kuishi na mwanamke miaka arobaini na mitano halafu uanze kumtazama kwa wizi.

Leseni nilipewa mwezi wa tatu, usiniulize kwa haki gani. Mzee aliyenitangulia kwenye foleni alisoma ule ubao wa herufi kwa sauti kubwa, nikaushika kichwani, nikausoma vizuri kuliko yeye. Yeye walimnyima.

Mama yako hajui. Siku hizi amepatwa na ushamba wa safari hata hatujaondoka. Anasoma kila kibao, hata cha dawa ya kuhara. Namwacha, maana inanisaidia, na inanichosha pia.

Sasa usipige kelele. Dereva wa basi hasomi vibao. Anasoma barabara kwa makalio. Kila kona kutoka hapa hadi Albuquerque nimeikalia mara elfu nne na zaidi. Ndiyo maana siitaki hiyo barabara kuu yao mpya, imenyooka kama rula, haikuambii kitu. Ile ya zamani nitaenda nayo polepole, na haina magari siku hizi. Nilimwahidi mama yako. Nataka nimtimizie kabla ukungu haujafika pembeni.

Albuquerque ndio mwisho wangu. Nitalala pale, asubuhi nitachomoa waya mmoja, niseme gari limekufa, tuje kwako kwa basi. Hatajua.

Usinijibu. Ukinijibu, nitalazimika kumpa mama yako anisomee, na hapo mchezo umekwisha.

Baba yako,
O. Teague

*

Tucumcari, New Mexico
Jumanne, 10 Mei, saa nne asubuhi
(kadi ya posta)

Glenda,

Tumefika Tucumcari, maili mia na kumi na tatu, bila neno. Tulikula kwenye mkahawa aliokuwa akila baba yako enzi za basi. Yeye aliagiza nyama yake ya kukaanga na mchuzi mweupe kama alivyoagiza miaka yote. Mhudumu, binti mdogo, akasema mwenyewe mpya hapiki tena hiyo, "chagua kwenye menyu, babu." Nikaanza kumsomea menyu. Akaniambia mbele ya watu wote, "Nadine, nilioa mke, sikuoa redio." Mkahawa mzima ulicheka, hata mpishi alichungulia.

Sawa. Redio imezimwa. Tuone.

Mama

*

Barstow
Jumanne, 10 Mei 1977, jioni
Kwa Bwana na Bibi Orval Teague, posta kuu ya Albuquerque, ihifadhiwe hadi waje kuichukua

Baba na Mama,

Leo nimerudi kazini nikakuta bahasha mbili kwenye sanduku langu, zote za Amarillo, zote za tarehe sita. Nimezisoma nimesimama, bado nina mkoba begani. Nimepiga simu kwenu na imelia mara ishirini. Mmeshaondoka.

Mama, barua hii msomee Baba. Yote. Baba, msikilize.

Mama anajua kuwa huoni. Amejua tangu Februari. Vibao anavisoma kwa ajili yako, si kwa ushamba. Na wewe Mama, Baba alitaka kuchomoa waya wa gari akifika hapo, ili uje kwangu kwa basi usijue kwa nini. Kila mmoja ameniomba nisimwambie mwenzake. Mmenigeuza kabati la siri zenu, mkafunga mlango mkaondoka.

Sijui nicheke au nilie, na nguvu ya kufanya moja kati ya hayo sina. Likizo napata tarehe ishirini, si kabla. Kaeni hapo Albuquerque, tafuteni moteli yenye feni nzuri, na mtu yeyote mwenye jina la Teague asiguse usukani mpaka nije.

Nawapenda. Mnanizeesha.

Glenda

*

Santa Rosa, New Mexico
Jumatano, 11 Mei

GLENDA,

Tumekwama Santa Rosa siku chache. TULIPATA PANCHA. Si jambo kubwa. Mama yako alijigonga mkono kidogo akishuka garini. Hali ya hewa nzuri. Chakula kibaya.

Baba

*

Santa Rosa
Alhamisi, 12 Mei 1977

Mwanangu,

Barua ya pancha imekufikia? Nimeiandikia bahasha mimi mwenyewe na stempu nimebandika mimi. Sasa isahau, nikueleze ilivyokuwa. Yeye amelala. Mkono wangu wa kushoto umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, wa kulia ni mzima, kwa hiyo kuandika naweza.

Tuliondoka Tucumcari sijamsemesha. Nilikuwa nimeudhika, Glenda. Kuchekwa kwa ajili ya kumsitiri mtu, kunauma kuliko kuchekwa kwa kosa lako. Nikakaa na mkoba wangu mapajani, nikafunga mdomo.

Naye akachangamka. Ilikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alipunguza mwendo, akaegemea kiti, akaanza kutangaza vituo kwa sauti yake ile ya kazi. "Montoya! Kushoto kwako, mama, kuna duka la mawe, mwenye duka ana mbwa mwenye miguu mitatu." Duka lipo, paa limeangukia ndani. "Newkirk! Kulia pampu mbili za mafuta, za kijani, hapo ndipo nilipokuwa nanunulia karanga zako." Pampu zimeng'olewa, zimebaki bolti kwenye saruji na nyasi. Kila kitu alikisema pale pale kilipokuwa, hakukosea hata yadi moja, na hakuna kilichobaki. Akauliza, "Umeiona?" Nikasema, "Mm." Basi akafurahi. Yeye alikuwa anaendesha mwaka wa hamsini na tano, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake mwaka huu, na upepo unapita kwenye vile vyumba vitupu.

Nilichoka ghafla. Si usingizi. Nilichoka na ile kazi ya miezi mitatu, kuona kwa watu wawili na kujifanya mjinga ili mtu asijue nimemsaidia.

Baada ya Cuervo njia zinagawanyika. Kushoto unapanda barabara kuu mpya. Yeye alishika kulia, ya zamani, bila hata kufikiri. Pale pana kibao cha njano kikubwa kama mlango: NJIA IMEFUNGWA MAILI MOJA MBELE. Nilikisoma kwa macho. Mdomo sikuufungua.

Nikuambie ukweli nilichowaza, maana usiku na mchana narudia kukiwaza. Niliwaza, safari hii aone mwenyewe. Au aseme haoni. Moja kati ya hayo mawili atalazimika kulifanya, na mimi nitapumzika. Kikapita cha pili: NUSU MAILI. Nikawaza, hicho cha tatu atakiona tu, hata kipofu atakiona. Kisha nikaona ubao wenyewe, mweupe na mwekundu, umekatiza njia nzima, na nyuma yake kilima cha udongo. Alikuwa anaendesha kama maili arobaini kwa saa, anapiga mluzi. Akaacha mluzi. Nikasema moyoni, sasa ameona. Hakupunguza. Nikashika mlango.

Ndipo nikapiga kelele, "Orval!"

Alikanyaga breki kabla jina halijaisha mdomoni mwangu. Gari likateleza kwenye mchanga, likavunja ubao, likaingiza pua kwenye udongo na kusimama. Rejeta ilipasuka, mvuke ukajaa kila mahali. Nilishuka upande wangu, nikaenda kutazama nyuma ya kile kilima. Daraja limeondolewa, Glenda. Kuna korongo kavu, refu kwenda chini kuliko nyumba yetu pamoja na bomba la moshi.

Nikarudi. Alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, kwenye mvuke. Akasema, "Nadine, nadhani tumepata pancha."

Na mimi mkewe, nimeshika mkono uliovunjika, nikajibu, "Ndiyo. Nami naona ni pancha."

Tulikaa pale saa moja na nusu, tukala mikate ya jibini niliyofunga nyumbani. Hakuna gari lililopita, ila tuliyasikia yale ya barabara kuu ng'ambo ya uzio, yananguruma bila kukoma. Mwishowe akaja mfugaji mmoja wa huku, Bwana Eusebio Lucero, na gari lake la mizigo. Akazunguka gari letu, akavua kofia, akajikuna.

"Mzee, wewe ni wa nne tangu mwaka mpya," akasema. "Wale watatu walikuwa wamelewa."

"Sisi ni Wabaptisti," baba yako akajibu. "Hatunywi."

"Basi imekuwaje?"

"Pancha."

Bwana Lucero aliyatazama matairi yote manne, mazima, yamejaa. Akanitazama mimi. Nikatazama pembeni. Mtu muungwana yule, akasema, "Eh, pancha za huku ni mbaya kweli," akatoa mnyororo akatuvuta hadi Santa Rosa.

Sasa unajua. Fundi anasema gari ni la kuuza kwa vipuri. Baba yako tangu juzi hajatangaza kituo chochote, wala hajanitazama sikio wala uso. Analala. Akiamka anauliza kama fundi amepata tairi.

Nisichoweza kumwambia ni kile kibao. Angekufa, angekufa akiwa ameniamini. Nilikiona maili nzima nikanyamaza. Kama yeye ana kosa la kutoona, mimi nina kosa la kuona. Sijui ninasema nini tena, kichwa kinazunguka. Jumapili tutapanda basi kwenda Albuquerque. Daktari wa hapa anataka mkono utazamwe kwenye hospitali kubwa.

Mama

*

Albuquerque, New Mexico
Jumapili, 15 Mei 1977

Mwanangu Glenda,

Tumefika. Tuko kwenye moteli ya mama mmoja Mpresbiteri, feni inafanya kazi ikipenda. Ningekupigia simu lakini simu iko ukutani kwenye mapokezi, na mama huyu anafuta vumbi karibu nayo muda wote. Leo posta imefungwa. Kama umetuandikia huku kama nilivyokuomba, kesho nitakwenda kuchukua, na nitamsomea baba yako kila neno. Ukisoma chini utajua kwa nini naweza kusema hivyo.

Basi lilikuwa karibu tupu. Dereva ni kijana, hata hakutugeukia, wala baba yako hakujitambulisha. Kofia yake ya kazi ilikuwa ndani ya sanduku. Alinipa kiti cha dirishani, akakaa cha ndani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Kutoka Santa Rosa basi haligusi kabisa ile ya zamani. Wamenyoosha vilima, wamejaza mabonde, hakuna kona, hakuna mji unaoingia. Saa nzima nilimwona akiinamisha kichwa, mara kulia mara kushoto, anasikiliza. Kila lilipotikisika kidogo, midomo yake ilicheza, kana kwamba anataka kutaja jina, kisha anaacha.

Halafu akaniuliza, "Nadine, tuko wapi?"

Miaka arobaini na mitano, Glenda, hajawahi kuniuliza swali hilo. Nilitazama nje. Kulikuwa na uzio na nyasi, na nyuma yake uzio na nyasi.

Nikasema, "Sijui, Orval."

Akatikisa kichwa. Tukaenda maili mbili tatu hivi. Akasema, polepole tu, "Mimi sioni. Sijaona tangu Krismasi."

Nikasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Februari. Nilikata nywele."

Akanyoosha mkono akanigusa paji la uso, akapapasa pale nywele zilipokuwa zikianzia, akasema, "Loo, kumbe." Nikaanza kulia, na kwa kuwa nilikuwa nalia tayari, nikaona nimalizie. Nikamwambia, "Kulikuwa na vibao. Vitatu. Nilivisoma vyote na nikanyamaza. Nilikuwa nimekasirika."

Nikafikiri sasa ndiyo basi, nimemaliza ndoa yangu kwenye siti ya basi. Tulianza kuingia milimani, masikio yakaziba. Mzee mmoja mbele yetu alikuwa anamenya chungwa, harufu ikaja mpaka kwetu. Baba yako aliinusa mpaka lile chungwa likaisha.

Kisha akasema, "Nilisikia umeacha kupumua."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Pale. Ulikuwa unapumua kwa hasira, puani, tangu Tucumcari. Nikasikia umeacha. Nimebeba watu miaka ishirini na tisa, Nadine, najua abiria akiacha kupumua kuna kitu mbele. Nilikuwa na mguu juu ya breki."

"Kwa nini basi hukukanyaga?"

Alifikiri, au alijifanya anafikiri. Akasema, "Nilitaka useme wewe kwanza."

Glenda, nimeandika mstari huo kisha nikaiacha kalamu, nikaenda kunywa maji. Watu wawili wazima, wana akili zao, wamebatizwa, wanakwenda korongoni kwa maili arobaini kwa saa, kila mmoja anajua, kila mmoja anamngoja mwenzake. Angeniua. Ningemwua. Na tusingejua hata ni nani aliyeshinda.

Sikumkumbatia. Nilimpiga, kwa mkono huu mzima, begani, mara mbili, kwa nguvu. Dereva akatutazama kwenye kioo. Baba yako akasema, "Endesha, mwanangu, haya ni ya nyumbani." Halafu tukalala wote wawili, tumeegemeana, mpaka tulipoamshwa stesheni.

Mkono wangu utatazamwa tena Jumatano. Alhamisi tutapanda basi, Ijumaa tarehe ishirini asubuhi tuko Barstow. Gari tumemwachia fundi. Usitupangie maneno ya kutusema, tumechoka na tunajua. Tutakapofika tupe kitanda kwanza.

Baba yako anataka kalamu. Nimemwambia hii ni nyembamba, hataiona. Anasema nimwekee kidole pale mahali pa kuanzia.

Mama yako,
Nadine

GLENDA. NJOO NA GARI STESHENI. MIMI SIONI. BABA.